Gari ndogo ya koperative: jante, resori na moteri. Nini kubadilisha, nini kuacha?



Swali hili linarudi karibu kila mkutano. Koperative imekusanya michango, imenunua gari ndogo ya mitumba. Mara nyingi ni Toyota Corolla iliyotoka Japani na kupita bandari ya Dar es Salaam ao Mombasa. Gari haijamaliza hata miezi miwili, mawazo yanaanza. Vijana wanataka jante kubwa za aluminiyo. Shofere anataka gari iinuliwe ili ipite kwenye mashimo. Fundi wa garaje anasema ataongeza nguvu ya moteri kwa siku moja tu. Halafu mama keshie, ambaye alikuwa amenyamaza, anauliza: "Sasa hiyo yote itaturudishia franga ngapi?"

Swali la mama keshie njo zuri kupita yote. Katika ukurasa huu tutajaribu kulijibu, kitu kimoja kimoja, bila kuficha. Hatusemi kwamba kubadilisha gari ni vibaya. Mabadiliko mengine ni ya akili na yanasaidia. Lakini kila kitu munachoongeza fasi moja, gari inakilipa fasi nyingine. Heri mujue inakilipia wapi.

Hakuna kitu kilichovunjika

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa njia ngumu. Miaka ya nyuma nilisindikiza mzigo wa maharagi kutoka Nyangezi kushuka Kamanyola, kwa njia ya Ngomo. Wale wanaoijua barabara ile hawana haja ya kuelezwa: upande mmoja mlima, upande mwingine bonde, na mteremko usiokwisha. Tulikuwa ndani ya gari ndogo iliyokuwa imeinuliwa. Ilikuwa na resori zilizotiwa vipande vya mpira, mipira mikubwa kuliko ile ya kwanza, na mifuko sita ya kilo 100. Gari ilisimama vizuri kabisa. Haikuinama nyuma hata kidogo. Sisi wote tulisema: "Unaona? Inaweza."

Katikati ya mteremko, shofere alikanyaga freni na pedali ikaenda mpaka chini, laini kama unakanyaga matope. Mungu alisaidia: alikuwa na akili ya kuingiza vitesi ya kwanza na kuegemeza gari kwenye ukingo wa mlima. Mlango ulikunjika, mifuko miwili ikapasuka, mtu mmoja akaumia mkono. Tulikaa pale tukiokota maharagi. Baada ya karibu nusu saa, shofere akajaribu pedali tena. Freni zilikuwa zimerudi! Fundi alipofika hakukuta bomba lililopasuka wala kitu kilichovunjika.

Maneno hayo yalinisumbua muda mrefu. Kama hakuna kilichovunjika, nini ilitokea? Jibu ni rahisi: mafuta ya freni yalichemka. Yalipochemka yakafanya mvuke, na mvuke unaminyika, hausukumi kitu. Yalipopoa, mvuke ukaisha. Tulikuwa tumeongeza urefu, tumeongeza mipira, tumeongeza mzigo. Freni tuliziacha zilezile ambazo kiwanda kilitengeneza kwa watu watano na masanduku yao.

Hapo njo somo lote la ukurasa huu. Nguvu ya gari haipimwi na kile kipande ulichokitia kikiwa kipya. Inapimwa na kile kipande kidhaifu kilichobaki.

Kwanza karatasi na mizani

Kabla ya kununua hata ekru moja, mujue gari yenu inaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Gari zinazotoka Japani zinakuja na cheti cha kusafirishwa nje. Mule ndani kumeandikwa uzito wa gari tupu na uzito wake wote ikiwa imejaa. Toa ule mdogo kwenye ule mkubwa. Kwa gari ya watu 5, Japani inahesabu kilo 55 kwa kila mtu, kwa hiyo mutakuta tofauti ya kilo 275 tu. Gari za aina hiyo zilizotengenezwa kwa masoko mengine mara nyingi zinaruhusiwa karibu kilo 400 mpaka 450.

Tuchukue ile hesabu kubwa, tuseme kilo 430. Shofere na watu wawili wanaweza kufika kilo 200. Kunabaki 230. Hiyo ni mifuko miwili ya kilo 100, na kikapu cha mama. Basi. Mifuko sita pamoja na watu watatu ni kilo 800, karibu mara mbili ya kile gari iliumbwa kubeba.

Na juu ya paa? Kwa gari ndogo nyingi, paa halipashwi kupita karibu kilo 75, pamoja na uzito wa porte-bagaje yenyewe. Mzigo wa juu unafanya gari iyumbe kwenye kona, na kama gari imeinuliwa pia, inayumba zaidi.

Jante na mipira: nzuri kwa macho, je kwa barabara?

Jante pana na mipira myembamba ilizaliwa kwa barabara za lami na kwa mashindano. Kule, ukuta mfupi wa mpira unasaidia gari isilegee kwenye kona. Kwetu, ukuta wa mpira una kazi nyingine: unapokea jiwe kabla jante haijapokea.

Soma namba zilizoandikwa kwenye mpira. Kwa mfano 185/65 R14. Ile 185 ni upana kwa milimeta. Ile 65 inasema ukuta wa mpira una urefu wa asilimia 65 ya upana huo, ni kusema milimeta 120. Ile 14 ni kipimo cha jante kwa inchi. Sasa kijana anakuja na 205/40 R17. Ukipiga hesabu, urefu wa gurudumu lote ni uleule, karibu milimeta 596. Gari haikupanda hata kidogo! Lakini ukuta wa mpira umebaki milimeta 82. Umelipa franga mingi ili kuondoa karibu sentimeta 4 za ulinzi. Shimo la kwanza la nguvu, jante ya aluminiyo inapasuka. Jante ya chuma inapinda tu, na fundi anaipiga nyundo munaendelea na safari.

Wengine wanafanya kinyume: wanatia gurudumu refu zaidi. Tuseme gari ilikuwa na 175/65 R14, ambayo ina urefu wa milimeta 583. Wanatia 195/65 R15, ambayo ina 634 hivi. Kweli, gari inapanda, lakini nusu tu ya tofauti, sentimeta 2 na nusu. Bei yake ni hii:

- Saa ya mwendo inadanganya. Ikionyesha 60, gari inakimbia karibu 65.
- Nguvu ya kuvuta kwenye mlima inapungua karibu asilimia 8, juu ya gurudumu ni refu zaidi. Ni kama kupanda mlima na vitesi isiyo yake.
- Freni nazo zinapoteza kiasi hichohicho.
- Ukikata kona gari ikiwa imejaa, mpira unaweza kusugua ndani ya bodi mpaka unakatika.

Kuna mambo matatu mengine ambayo hayaonekani kwa macho lakini yanaua.

Matundu ya jante. Corolla nyingi zina ekru 4 kwenye duara ya milimeta 100, na tundu la katikati la milimeta 54,1. Jante yenye matundu "karibu sawa" si sawa. Usikubali fundi alazimishe. Kama tundu la katikati ni kubwa kuliko kitovu, kunahitajika pete ya kulijaza. Bila hiyo, jante inaweza kukaa pembeni na volani itatetemeka.

Ekru. Kuna ekru zenye kichwa cha mviringo kama koni, na zingine zenye uso tambarare na rondele. Kila jante ina ekru yake. Ukizichanganya, ekru inaonekana imekaza, kumbe imeshika kidogo tu. Kiwanda cha Toyota kinaomba ekru za Corolla zikazwe karibu Nyuton-meta 103. Kwa lugha ya kijijini: ufunguo wenye mkono wa meta moja, na kilo 10 zikining'inia mwishoni mwake. Si kuruka juu ya ufunguo kwa miguu miwili! Baada ya kilomita 50 mpaka 100, zikaze tena.

Nguvu na umri wa mpira. Baada ya kipimo kuna namba nyingine, kwa mfano 82. Ile inamaanisha mpira mmoja unabeba kilo 475. 88 ni kilo 560. Usinunue namba iliyo chini ya ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa shofere. Halafu tafuta namba nne za mwisho baada ya neno DOT. 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mipira mingi ya mitumba inang'aa kwa sababu imepakwa rangi, lakini ina miaka kumi na zaidi. Mpira mzee unakauka ndani, na unapasuka siku gari imejaa na jua linawaka.

Resori na amortisere: kuinua si kubeba

Watu wengi wanachanganya kazi mbili. Resori inabeba uzito. Amortisere inatuliza resori ili isirukeruke. Ukitia resori ngumu na kuacha amortisere iliyokufa, gari inakuwa kama mbuzi: inaruka kwenye kila jiwe, na gurudumu lililo hewani halina freni wala volani.

Kabla ya kufikiri kuinua gari, fanya kipimo hiki. Weka gari tupu fasi tambarare. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake. Fanya hivyo kwenye magurudumu yote manne. Kama nyuma iko chini kuliko mbele, ao kushoto si sawa na kulia, resori zenu zimechoka. Gari ya miaka 20 inaweza kuwa imeshuka sentimeta mbili ao tatu bila mtu kuona. Gari nyingine zinatoka kule zikiwa na resori zilizokatwa, juu ya mwenye kwanza alipenda gari yake ikae chini. Angalia mwisho wa resori: ya kiwanda inamalizika vizuri, iliyokatwa inaonyesha alama ya msumeno ao ya moto.

Katika hali hizo dawa si kuinua. Dawa ni resori mpya za kipimo cha kiwanda na amortisere mpya, mbili mbili kwa ekseli moja. Koperative nyingi zingefika pale zinapotaka kwa kazi hii moja tu.

Kama bado munataka kupanda, kuna vipande vya chuma ao aluminiyo vinavyowekwa juu ya amortisere. Sentimeta 2, kwa nguvu sana 3. Musipite hapo. Sababu iko kwenye kadani, ile fimbo inayopeleka nguvu ya moteri kwenye magurudumu ya mbele. Ukiinua gari, kadani inafanya kazi ikiwa imekunjika. Kifuko chake cha mpira kinapasuka, vumbi linaingia kwenye mafuta mazito, na baada ya muda mfupi munasikia "ta-ta-ta" kila mukikata kona. Baada ya kuinua, lazima pia kupimisha paralelisme ya magurudumu. Bila hiyo, mipira mipya inaisha upande mmoja tu, kama kiatu cha mtu anayechechemea.

Vitu hivi musivikubali hata kama ni vya bei rahisi: vipande vya mti ao vya mpira wa zamani vinavyoshindiliwa katikati ya resori, resori iliyovutwa kwa moto ili irefuke, resori ya gari nyingine "iliyofanana". Chuma cha resori kilitiwa moto na kupozwa kiwandani kwa kipimo chake. Moto wa garaje unaharibu kipimo hicho. Siku moja inakatika tu, bila kuaga.

Na hapa turudie neno la Ngomo. Resori ngumu inaficha mzigo. Gari ikiinama nyuma, inasema: "Nimechoka, mupunguze." Ukiizuia kuinama, hukuipa nguvu. Umeifunga kinywa.

Moteri: nguvu inapotea wapi?

"Gari haina nguvu kwenye mlima." Kweli, lakini mara nyingi kosa si la moteri. Moteri ya esanse inakula hewa pamoja na mafuta, na hewa ya milimani ni nyepesi. Bukavu iko karibu meta 1500 juu ya bahari. Pale hewa ina uzito wa karibu asilimia 84 tu ya ile ya pwani. Moteri iliyoandikwa farasi 100 inatoa kama 84. Uvira, kwenye ziwa Tanganyika, karibu meta 780, inatoa kama 92. Shofere anayepanda kutoka bonde la Ruzizi na mchele anasikia moteri ikichoka. Haijaharibika. Inakosa pumzi, kama mgeni aliyetoka pwani.

Gari za zamani zenye karburatere hazijui kwamba ziko mlimani. Zinaendelea kumwaga esanse ileile, na moshi mweusi unatoka. Fundi anayejua anaweza kutia jikleri ndogo zaidi, na hiyo ni kazi nzuri. Gari zenye enjeksio zina kifaa kinachopima hewa na kupunguza mafuta zenyewe. Hizo hazihitaji kuguswa.

Sasa, "kuongeza nguvu". Kubadilisha programu ya moteri kunaleta faida kubwa kwenye moteri zenye turbo. Kwenye moteri ndogo ya Corolla isiyo na turbo, faida ni kidogo sana. Huwezi hata kuisikia mgongoni. Na mara nyingi inaombwa esanse ya hali ya juu. Sisi tunanunua wakati mwingine kwa makadafi wa kando ya barabara, esanse ndani ya chupa, hatujui imechanganywa na nini. Moteri iliyosukumwa sana ikipewa esanse mbaya inaanza kugonga, sauti kama vijiwe ndani ya kopo. Ukiendelea hivyo kwenye mlima mrefu, pistoni inatoboka.

Mambo mengine matatu tunayaona kila siku:

Kutoa filtri ya hewa ili moteri "ipumue". Itapumua vumbi. Vumbi la barabara zetu ni mchanga mdogomdogo, nalo linakwangua ndani ya silinda. Wakati wa kiangazi, pigapiga filtri kila juma, na kuibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Kutia eshapema ya wazi. Kelele inaongezeka, ndiyo. Masikio yanasema gari ina nguvu, lakini mlima haudanganyiki na kelele. Na polisi ya rulaji watawasikia kutoka mbali.

Kutoa termosta. Hili ni kosa linalopendwa sana. Fundi anasema moteri itabaki baridi. Lakini moteri ilitengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto. Termosta inafunguka karibu digrii 82. Bila hiyo, asubuhi na kwenye miteremko moteri inabaki baridi, inakula esanse zaidi na kujisugua ndani. Kama gari inapata joto kupita, tafuta sababu: radiatere iliyoziba, maji yanayovuja, feni iliyokufa. Kutoa termosta ni kuvunja kipimo cha homa na kusema mgonjwa amepona.

Kama muko na franga ya moteri, itumieni kwa vitu hivi: bujia mpya, filtri, mafuta ya moteri kwa wakati wake, maji ya radiatere yenye dawa ya kuzuia kutu. Na uliza aina ya moteri. Corolla za zamani zenye moteri 4A-FE na 5A-FE zina kuruwa ya mpira inayoendesha valvu, nayo inabadilishwa kila kilomita 100000. Kama haujui ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haikubadilishwa. Zile zilizofuata, zenye 1NZ-FE, zina mnyororo wa chuma. Hizo zinaomba mafuta safi tu. Moteri iliyotunzwa hivi mara nyingi inarudisha nguvu kuliko programu yoyote.

Freni: kitu ambacho hakuna anayekiomba

Hatujawahi kusikia mwanamemba akisimama kwenye mkutano na kusema: "Tununue mafuta mapya ya freni." Haing'ai, haifanyi kelele. Lakini kama tungeulizwa kitu kimoja tu cha kufanya kwenye gari ya milimani, tungejibu hicho.

Mafuta ya freni yanavuta maji kutoka hewani, hata kama chupa yake imefungwa ndani ya gari. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapashwi kuchemka chini ya digrii 205. Yakishavuta maji, kipimo kinachoruhusiwa kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 yakiwa na maji. Njo maana yetu yalichemka Ngomo. Hakuna mtu aliyekuwa ameyabadilisha tangu gari inunuliwe. Badilisheni yote, si kuongeza tu juu, kila miaka miwili. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana musiitumie.

Mujue pia kwamba mwendo unachosha freni kuliko mzigo. Mzigo ukizidi mara mbili, kazi ya freni inazidi mara mbili. Mwendo ukizidi mara mbili, kazi inazidi mara nne. Kwa hiyo sheria ya wazee wa barabara ni ya kweli: vitesi uliyopandia, njo ushukie hiyohiyo. Moteri ishike gari, freni zisaidie tu. Na musizime moteri kwenye mteremko ili kuokoa esanse. Ukizima, unapoteza msaada wa freni na wa volani kwa mara moja.

Mpangilio wa franga

Kama koperative ina kiasi kidogo cha kutumia kwenye gari, sisi tungefuata mstari huu:

1. Freni: mafuta mapya, plakete, kuangalia mabomba ya mpira.
2. Mipira minne ya kipimo cha kiwanda, yenye umri mdogo, na wa tano wa akiba.
3. Resori na amortisere mpya za kipimo cha kiwanda.
4. Utunzaji wa moteri, na kuruwa kama ni ya lazima.
5. Bamba la chuma chini ya moteri, ili jiwe lisitoboe kikombe cha mafuta. Hiki ni kitu kimoja cha kuongeza ambacho tunakipenda bila shaka.
6. Mwisho kabisa, kuinua sentimeta 2, kama njia yenu inaomba kweli.

Jante za kung'aa, eshapema na programu hazimo kwenye mstari. Kijana akitaka kuzitia kwenye gari yake mwenyewe, ni furaha yake na franga yake. Gari ya koperative ni jasho la watu wote, hata la yule mama mjane aliyetoa mchango wake kwa debe la maharagi.

Basi gari ndogo ni ya kazi gani?

Hapa njo jibu kwa mama keshie. Tuseme muko na mifuko 40 ya mavuno. Kwa mifuko miwili kila safari, gari ndogo itapanda na kushuka mara 20. Pigeni hesabu ya esanse, vizuizi, mipira na siku za shofere, muigawanye kwa mifuko 40. Halafu ulizeni bei ya lori moja ya kukodi inayochukua yote kwa siku moja, muigawanye pia kwa 40. Fanyeni hesabu hiyo na bei za kwenu, kwenye ubao, mbele ya wanamemba wote. Mara nyingi lori itashinda, na zaidi kama mutaungana na koperative ya jirani.

Na njo kwa sababu hiyo watu wanashawishika kupakia mifuko sita: wanataka gari ndogo ishindane na lori. Haitaweza. Gari ndogo si lori iliyokonda. Ina kazi yake, nayo ni kazi kubwa: kupeleka mbegu kabla mvua haijaanza, kuleta dawa ya mifugo, kupeleka mifano ya kahawa ao ya mchele kwa mnunuzi, kusindikiza keshie benki, kumfikisha mama mwenye uchungu hospitali usiku. Kwa kazi hizo, gari ya hali ya kiwanda, iliyotunzwa, yenye freni nzuri, inatosha.

Mukirudi kwenye mkutano, kabla ya kupiga kura juu ya badiliko lolote, ulizeni maswali haya manne na kuandika majibu kwenye daftari:

- Tunataka kuponya shida gani? Je, ni kipande kilichochoka tu?
- Tukiongeza hapa, ni kipande gani kitabeba taabu hiyo?
- Baada ya badiliko, tutabeba kilo zilezile, ao mtu atasema "sasa inaweza"?
- Kama ajali ikitokea, asiranse itakubali kulipa gari iliyobadilishwa na kupakiwa hivi?

Lile swali la tatu mulipe nguvu zaidi. Siku ile Ngomo, "inaweza" lilikuwa neno letu la mwisho kabla ya pedali kushuka. Andikeni hesabu ya kilo kwa rangi ndani ya buti ya gari, fasi ambapo kila mtu anayepakia ataisoma. Na mumpe shofere haki ya kusema hapana, hata kwa prezida. Hiyo haigharimu franga hata moja.